Miaka 3 ya Kusoma Isimu Mwanza: Uzoefu Wangu wa Shahada ya Kwanza

Wadogo zangu waliomaliza kidato cha sita wameniuliza mara nyingi kama shahada ya isimu inafaa kusomwa, na mara nyingi nimewajibu kwa mkato, kwa sababu swali huja dirisha la udahili likiwa limebakiza siku mbili kufungwa. Hapa nataka kujibu kwa utulivu. Niliisoma kwa miaka 3 katika chuo kimoja hapa Mwanza ambacho sitakitaja, kwa kuwa ninayo malalamiko na sipendi malalamiko ya mtu mmoja yageuke kuwa hukumu ya chuo kizima. Nilitokea tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), Kiswahili ndilo somo nililokuwa natamba nalo, na nilipochagua isimu nilidhani naenda kusoma Kiswahili kilekile kwa kina zaidi. Dhana hiyo haikuwa sahihi, na ndiyo inayowaumiza wengi katika muhula wa kwanza.

Isimu haimfundishi mtu kuzungumza lugha. Anayetaka Kifaransa au Kichina cha kuzungumza na wageni asijaze fomu ya isimu. Bibi yangu wa Magu, nilipomwambia nasoma isimu, alisikia simu, akafurahi kwamba familia itapata fundi. Nilipomfafanulia kuwa ni elimu ya namna lugha inavyoundwa na inavyofanya kazi, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, si hata mtoto wa miaka minne anayajua hayo? Ada mnalipia nini?" Katika mitihani yote niliyofanya sikukutana na swali zuri kuliko hilo. Ni kweli kwamba mtoto wa Kisukuma anapofika umri wa kutumwa dukani anazo kanuni za lugha yake karibu zote, na anazitumia bila kujiuliza, lakini hawezi kukueleza hata moja, wala bibi yake hawezi. Kuitoa kanuni hiyo kichwani mwa msemaji na kuiweka mezani ikaonekana na kupimwa ndiyo kazi tuliyolipia ada.

Kozi iliyonifungua macho ni fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha, na nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo ingenifanya niichague shahada hii tena. Katika kipindi cha tatu au cha nne mhadhiri alimwita mbele mwenzetu mmoja kutoka Kisesa, akampa kioo kidogo cha mfukoni akishike chini ya pua, akamwambia atamke neno "mama". Kioo kilipata ukungu hafifu. Akakifuta, akamwambia atamke "mhola", neno ambalo kila aliyekulia huku amelisikia katika salamu za Kisukuma likiwa na maana ya salama. Pumzi ilitoka puani kwa nguvu na kioo kikajaa ukungu papo hapo. Nazali, yaani sauti ya puani, ya "mama" ni ghuna, maana yake nyuzi sauti zinatetema wakati hewa ikipita puani. Ile ya "mhola" huanza bila mtetemo, na hewa husukumwa nje. Kiswahili sanifu hakina sauti hiyo. Lugha nyingi za dunia hazina. Mimi nilikuwa nimeisikia tangu utotoni katika neno la kuwajulia hali wazee, na sikuwahi kujua kwamba ni kitu cha kuchunguzwa na wataalamu.

Tangu siku hiyo nikaanza kuyasikiliza maneno ya nyumbani kwa namna nyingine. Chumba chetu cha hosteli kilikuwa na Msukuma, Mhaya wa Bukoba na mimi niliyekuwa naelewa Kisukuma lakini nakizungumza kwa kusitasita. Tulikuwa tukilinganisha maneno usiku badala ya kusoma madesa. Kiswahili kinasema "watu watatu". Kisukuma kinasema "banhu badatu", Kihaya "abantu bashatu". Kwa mtu asiyesoma isimu hayo ni mambo ya makabila tu, kila mmoja na lake, lakini ukiyapanga safu kwa safu unaona kwamba tofauti zake zina utaratibu: palipo na "nt" katika Kihaya, Kisukuma kina "nh" inayotoka puani, na Kiswahili kimebakiza "t" peke yake, Kihaya kina irabu tangulizi "a" mwanzoni mwa nomino, Kiswahili na Kisukuma hazina.

Kuhusu hiyo "badatu", iko habari ambayo ningependa kila mwanafunzi wa kanda hii aijue. Katika Kisukuma na Kinyamwezi, zikifuatana silabi mbili zenye konsonanti sighuna (zisizo na mtetemo wa nyuzi sauti), ile ya kwanza hugeuka kuwa ghuna. Ndiyo maana "tatu" ikawa "datu", na "kupita" ya Kiswahili kwetu ni "kubita". Mabadiliko haya yanaitwa Kanuni ya Dahl, kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari wa Moraviani aliyeishi Unyamwezi na kuyabainisha. Mjerumani Carl Meinhof ndiye aliyeipa kanuni hiyo jina hilo mwaka 1903. Inaonekana pia katika Kikikuyu, hata katika jina la lugha yenyewe: wenyewe husema Gĩkũyũ, yaani ile "ki" ya kutajia lugha imekuwa "gi" kwa sababu ya "k" inayoifuata. Mwanafunzi wa isimu huko Berlin au London anaikariri kanuni hii kwa ajili ya mtihani, nasi tunaitamka kila tunapohesabu ng'ombe. Nilipoisoma mara ya kwanza nilitoka nje ya maktaba nikampigia baba simu kumweleza, na nakumbuka alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

Jambo jingine lililonigusa ni la "l" na "r". Shule ya msingi niliyosoma, mwenzetu mmoja alisimamishwa mbele ya darasa akarudishwa kwenye neno "kura" mara nyingi kadiri alivyotamka "kula", na sote tulicheka, mimi nikiwemo. Fonolojia, elimu ya namna sauti zinavyotumika ndani ya lugha fulani, inaeleza kwamba Kisukuma hakitofautishi maana kwa "r" na "l". Mtoto aliyelelewa ndani yake sikio lake limezoezwa kuzichukua sauti hizo mbili kuwa kitu kimoja, kama ambavyo Mswahili asiyejua Kisukuma hasikii tofauti kati ya irabu zake saba, kwa kuwa yeye amezoea tano tu. Yule mtoto hakuwa mzembe wala mjinga. Alihitaji mwalimu anayejua hilo na anayeweza kumfanyisha mazoezi ya kusikia kabla ya kumdai kutamka. Ningefurahi siku moja kuona kila mwalimu wa darasa la kwanza katika mikoa ya ziwa akipewa angalau saa kumi za fonetiki ya lugha za wanafunzi wake.

Sasa malalamiko. La kwanza na kubwa ni lugha ya kufundishia. Kozi nyingi zilitolewa kwa Kiingereza, na mifano ilikuwa ya Kiingereza pia: wingi wa nomino zao, njeo za vitenzi vyao, irabu za London ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyezitamka. Tulisoma toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno, kwa mifano ya Kichina katika jengo ambalo mhudumu wake, mpishi wa kantini yake na mlinzi wa lango lake walikuwa wakizungumza lugha ya toni mchana kutwa. Kisukuma kina toni ya kustaajabisha, kwani toni ya juu inayotokana na mzizi husikika silabi mbili mbele ya pale ilipozaliwa, na Profesa Herman Batibo, Mtanzania, alikwisha kukichambua Kisukuma kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1985. Hayo niliyapata mwenyewe mwaka wa tatu, kwa kusoma pembeni. Kama si vitabu vya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ambavyo wanafunzi huviita SAMIKISA, SAMAKISA na FOKISA, vilivyoandikwa kwa Kiswahili na Watanzania kuhusu sarufi na fonolojia ya Kiswahili, sidhani kama nusu ya darasa letu wangeelewa tofauti ya fonimu, sauti inayobadilisha maana ya neno, na alofoni, sura mbalimbali za fonimu moja. Nakala za maktaba zilikuwa chache mno, tukawa tunatoa kopi za kopi hadi alama za toni zikafutika.

Maabara ya fonetiki ilikuwa chumba chenye kompyuta zilizofunikwa. Nafuu yetu ni Praat, programu ya bure iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo huipokea sauti uliyoirekodi na kukuchorea mawimbi yake, ukaona mahali nyuzi sauti zinapoanza kutetema na jinsi toni inavyopanda na kushuka. Haihitaji kompyuta ya gharama. Niliijifunza kwa kompyuta ya mitumba, na ninamshauri kila anayeanza aipakue wiki ya kwanza badala ya kusubiri maabara. Darasa lilikuwa na watu wengi kupita kiasi, matokeo yalichelewa, na mafunzo yangu kwa vitendo niliyafanyia ofisi moja ambako kazi yangu ilikuwa kupanga mafaili. Hayo sitayaendeleza, waliosoma vyuo vingi nchini watasema hivyohivyo.

Sintaksia, elimu ya muundo wa sentensi, niliipita bila kuipenda. Ukizoea kuchanganua sentensi kwa njia ya matawi tangu sekondari utadhani unaijua, kisha unakutana na nadharia za mwanaisimu Mmarekani Noam Chomsky, ambazo tangu mwaka 1957 zimebadilishwa na yeye mwenyewe mara kadhaa, na unalazimika kujua ni toleo lipi mwalimu analotaka. Wapo wenzangu waliotoka na mapenzi makubwa na kozi hiyo, kwa hiyo pengine kasoro ilikuwa ya masikio yangu yaliyokwisha kuzama kwenye sauti. Isimujamii, elimu ya lugha na jamii yake, kwa upande wake, ni rahisi kufaulu na ni vigumu kuifanya vizuri.

Mwaka wa tatu kila mwanafunzi huandika utafiti, na wangu nilichagua majina ya samaki katika soko la Mwaloni, Kirumba. Nilikwenda mara ya kwanza nikiwa na hojaji iliyopigwa chapa, nikamsalimia mzee mmoja aliyekuwa akianua dagaa. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikamwonyesha samaki mmoja baada ya mwingine nikimwuliza anaitwaje, naye akanijibu yote kwa Kiswahili sanifu cha dukani, kwa upole, kama mtu anayemsaidia mtoto kazi ya shule. Nilirudi hosteli na orodha isiyo na thamani. Msimamizi wangu, ambaye kwa hili namshukuru ingawa kumpata ofisini ilikuwa kazi, aliniambia niiache hojaji, niende nikakae. Nikakaa. Nilisaidia kugeuza dagaa juani kwa wiki mbili, na maneno yakaanza kuja yenyewe watu walipokuwa wakigombana bei.

Nilichokipata ni hiki. Dagaa wa ziwa hili, wale wadogo wa fedha, upande wetu ni dagaa, wachuuzi wanaowapeleka Kenya huwaita omena kama Wajaluo, na Uganda ni mukene. Mchuuzi mzoefu anayajua majina yote matatu na anabadilisha kulingana na anayezungumza naye kwenye simu. Sangara hana jina la mababu. Niliwauliza wazee kadhaa babu zao walimwitaje, na mmoja akanitazama kwa mshangao: "Babu zetu hawakumjua, mwanangu. Huyu aliletwa." Ni kweli, alipandwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na Wajaluo humwita mbuta huku Waganda wakisema mputa. Lakini ningu na kamongo, ambao ni wa ziwa hili tangu enzi, majina yao nimeyasikia kwa wavuvi wanaozungumza lugha za Kibantu na kwa Wajaluo wenye lugha ya Kiniloti, familia mbili za lugha zisizo na undugu. Ziwa limewafanya watu waazimane maneno kama wanavyoazimana kamba na makasia. Sura hiyo ya utafiti wangu ilipata alama ya juu kuliko zote, na ndiyo pekee niliyoiandika bila kunakili muundo wa mtu mwingine.

Safari za kozi hazikuwepo, kwa hiyo nilizifanya kwa nauli yangu. Nilikwenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, kusikiliza wazee wanavyoeleza majina ya ngoma, na niliwahi kuvuka kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kumsikiliza mwenyeji akinihesabia kwa Kikerewe. Anayependa kuona isimu ikigeuka kazi yenye manufaa afuatilie pia Musoma, ambako wataalamu wa SIL, shirika la kimataifa la utafiti wa lugha, wamefanya kazi kwa miaka mingi na wasemaji wa lugha za Mara kama Kikabwa, Kiikizu na Kizanaki, wakitunga nao alfabeti za lugha ambazo hazikuwa na maandishi ya kutosha. Kuamua irabu ngapi ziandikwe, na toni iwekewe alama au iachwe, ni maamuzi yanayobeba mustakabali wa msomaji, na yanatokana moja kwa moja na yale tuliyojifunza mwaka wa kwanza.

Kuhusu ajira nitasema wazi, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapodanganywa. Shahada ya isimu isiyo na elimu ndani yake haikupi ualimu. Tangazo la ajira za walimu linapotoka utahitaji kuwa umesoma ualimu, na wenzangu kadhaa walilazimika kurudi chuoni mwaka mzima kuchukua stashahada ya uzamili ya elimu. Kama ndoto yako ni darasani, chagua shahada ya elimu yenye Kiswahili au Kiingereza, utasoma sehemu kubwa ya isimu hiyohiyo na utatoka na sifa ya kufundisha. Mimi niliomba nafasi kwa muda mrefu bila kuitwa hata kwenye usaili. Sasa naishi kwa tafsiri, uhariri na kunukuu rekodi za sauti za Kisukuma kwa ajili ya watafiti. Kazi za tafsiri zipo, na nina matumaini nazo kwa kuwa Kiswahili kilipokelewa kuwa lugha rasmi ya SADC mwaka 2019 na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika mwaka 2022. Lakini hazigawiwi kwa cheti. Anayekupa kazi anakupa kurasa mbili za majaribio, anazisoma, anaamua. Kilichonisaidia kwenye kurasa hizo ni mofolojia, elimu ya maumbo ya maneno, kwa sababu nikiona neno jipya najua kulivunja hadi kwenye mzizi na kuliunda upya kwa mofimu zetu, badala ya kulibeba zimazima.

Kwa hiyo ninaipendekeza kwa mwenye sikio na subira, na mwenye njia nyingine ya kujikimu walau mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Kabla ya kujaza fomu, nenda chuoni ukaulize nani anafundisha fonetiki na kama amewahi kurekodi lugha yoyote ya Tanzania. Uliza kama kuna kozi ya mbinu za utafiti wa nyanjani, na kama utafiti wa mwaka wa tatu unaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Ingia maktaba utazame kama ipo Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotolewa na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009. Chuo kisicho nayo kitakufundisha isimu ya kwingine.

Ukishakubaliwa, usisubiri muhula uanze. Kaa na mzee wa kwenu mwenye lugha yake kamili, umrekodi kwa simu akihesabu moja hadi kumi, akitaja viungo vya mwili na samaki na mvua na ndugu, akieleza alivyoolewa au alivyovua usiku wa kwanza. Usimsahihishe na usimharakishe, na umwulize tena kesho yake maneno yaleyale. Mimi nilianza kurekodi mwaka wa pili, nikiwa nimekwisha kujifunza kutumia Praat. Bibi wa Magu alifariki likizo ya mwaka huohuo, na sauti yake ninayo ya dakika 11 tu, sita kati yake ananiuliza kama nimekula.